Salamu za Krismasi na mwaka mpya 2026: kura isitunyang'anye ndugu

Ndugu zangu na dada zangu, marafiki, wale tunaosali pamoja katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho na wale tunaosalimiana tu huku mitandaoni, nawasalimu nyote katika jina la Yesu Kristo. Heri ya Krismasi, na Mungu atuvushe salama mpaka 2026. Najua siku hizi mbili tatu simu zinajaa salamu mpaka mtu anashindwa ajibu ipi aache ipi, na mimi ningeweza kutuma picha ya nyota na mstari mmoja yakaisha, ila mwaka huu kuna jambo, jinsi siasa inavyotutenganisha ndugu, limenikaa moyoni tangu mwezi wa tisa na sitaki kuvuka nalo mwaka bila kulisema.

Mwaka umekuwa mzito, tusidanganyane. Vitu vimepanda bei, mshahara umekaa palepale, na wengine hata huo mshahara hawana. Wapo waliokuwa wanatoa zaka bila kuwaza mara mbili ambao mwaka huu wamekaa na hela mkononi wakijiuliza zaka kwanza au kodi ya nyumba kwanza, na mimi nimepita hapo, nikatoa zaka, sisemi kujisifu, nasema kwa sababu najua kuna kijana anasoma hapa ana hilo swali usiku huu na anadhani yuko peke yake. Jumapili ya mfungo nayo imekuwa na uzito wake. Zamani kuacha milo miwili na kutoa thamani yake ilikuwa ni kitu cha kawaida, siku hizi ile hela unaiona kabisa ikitoka. Lakini ndiyo hela hiyohiyo askofu anayomsaidia nayo mjane, mgonjwa, mtu aliyepoteza kazi, na haina chama ile hela. Hakuna anayeulizwa alimpigia nani kura ndipo asaidiwe.

Mwezi wa nane tulimzika bibi. Nitarudi kwake.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 27 Septemba, Rais Russell M. Nelson, rais na nabii wa kanisa letu, akatutoka akiwa na miaka 101. Kwa sisi vijana huyu ndiye nabii tuliyekua naye. Alianza kuliongoza kanisa Januari 2018, na kabla ya kuwa mtume alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo, ndiye aliyefanya upasuaji wa kwanza wa moyo wazi kule Utah, Marekani, mwaka 1955. Mtu aliyeshika mioyo ya watu kwa mikono yake, kwelikweli, halafu uzeeni akaja kutuomba tulainishe mioyo yetu. Kwenye mkutano mkuu wa Aprili 2023 alihubiri kuhusu wapatanishi, akasema ugomvi ni uchaguzi wa mtu na upatanishi nao ni uchaguzi wa mtu, kwa hiyo hakuna wa kusingizia hasira. Nimeusikiliza ule ujumbe mara nyingi sana mwaka huu.

Na kesho yake tu, Jumapili tarehe 28, watu wakiwa ibadani kule Grand Blanc, Michigan, mtu mmoja akaligonga kanisa letu kwa gari, akapiga watu risasi, akalichoma moto jengo. Watu wanne waliuawa. Tulikuwa bado tunamlilia nabii, msiba juu ya msiba, na mimi nakumbuka hasira niliyokuwa nayo ile wiki. Sasa sikilizeni kilichofuata maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Aliyefanya yale mauaji naye aliuawa palepale, akaacha mke na mtoto. Muumini mmoja wa kanisa letu anayeishi mbali kabisa na pale akafungua mchango mtandaoni kwa ajili ya hiyo familia, ya muuaji, na watu wakachanga, wengi wao Watakatifu wa Siku za Mwisho, mpaka ikapita dola 300,000. Wengine walichanga kiasi kidogo tu na kuandika ujumbe kwamba wanamwombea yule mama na mtoto wake.

Mimi niliposoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Kama watu wanaweza kumchangia mjane wa mtu aliyewaua ndugu zao, sisi tunashindwaje kumsalimia mtu kwa sababu ya kura?

Maana tunashindwa, na tunajua tunashindwa. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia watu wametoka, "fulani ameondoka" kila wiki. Kwenye kata zetu, yaani makusanyiko yetu ya kanisa, kuna watu wawili wanakaa benchi mbalimbali na zamani walikuwa wanatembeleana. Na ishu siyo kwamba watu wana maoni tofauti, maoni tofauti ni mazuri na yatakuwepo, ishu ni kwamba tumeanza kupimana imani kwa chama.

Na hili kwetu halina hata kisingizio. Kanisa linasema wazi kwamba halina chama, halimpigii debe mgombea, na majengo yake si ya kampeni. Wakati huohuo tunaambiwa tusikae pembeni, tusome, tuwajue wagombea, tupige kura, tugombee wenyewe kama tunaweza. Rais Dallin H. Oaks aliyechukua uongozi tarehe 14 Oktoba ni mwanasheria, amewahi kuwa jaji kwenye mahakama ya juu ya jimbo la Utah, na Aprili 2021 alilisema hili mbele ya kanisa zima, kwamba hakuna chama wala mgombea atakayemridhisha mtu kwa kila kitu, na kwamba tusithubutu kudai muumini mwaminifu hawezi kuwa wa chama fulani au kumpigia kura mtu fulani. Angalieni hata huko Marekani, Mitt Romney aligombea urais 2012 kwa tiketi ya Republican, na mwaka huohuo kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti alikuwa Harry Reid wa Democrat. Wote wawili waumini wetu. Walikuwa wanakula mkate uleule wa sakramenti Jumapili na Jumatatu wanapingana, na kanisa halikumfukuza hata mmoja.

Jana tarehe 23 ilikuwa siku aliyozaliwa Nabii Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, mwaka 1805, na nilikuwa nawaza jinsi watu wetu wa kwanza walivyoumizwa na siasa. Oktoba 1838 gavana wa Missouri alitoa amri Wamormoni, ndivyo watu walivyotuita, waangamizwe au wafukuzwe jimboni, wakafukuzwa wakiacha mashamba na nyumba. Amri ile ilikuja kufutwa 1976, fikiria, miaka yote hiyo imekaa kwenye makaratasi. Joseph alikwenda mpaka kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren, kuomba haki akarudi mikono mitupu. Mwaka 1844 akaamua kugombea urais mwenyewe, akitaka pamoja na mengine watumwa wakombolewe na wawe huru kufikia 1850, na tarehe 27 Juni mwaka huohuo kundi la watu likamuua gerezani Carthage. Sasa watu waliotokana na historia hii, watu ambao babu zao wa kiimani walifukuzwa kwa sababu walionekana ni "wale", leo na sisi tunawafukuza wenzetu mioyoni kwa sababu ni "wale"? Inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Na Krismasi yenyewe, jamani, imeanza na serikali. Luka kwenye sura ya pili, kabla ya malaika kuwatokea wachungaji, ameanza na Kaisari: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu." Mariamu na mimba yake wako njiani kwa sababu ya amri ya mtawala wa mbali asiyewajua. Na kwenye Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu tunayoyasoma pamoja na Biblia, 3 Nefi 1, huku upande wa pili wa dunia wasioamini walikuwa wamepanga kabisa siku ya kuwaua wote walioamini ile ishara ya kuzaliwa kwa Kristo aliyoisema nabii Samweli Mlamani, nabii Nefi analia kwa Bwana mchana kutwa, ndipo sauti inamwambia ajipe moyo, ishara ni usiku huu na kesho anakuja ulimwenguni. Yesu alizaliwa katikati ya siasa chafu. Hakusubiri zitulie.

Na tunajua baadaye ikawaje. Kwenye 3 Nefi 7 mwamuzi mkuu anauawa, serikali inavunjika, watu wanagawanyika kabila kabila, kila mtu na jamaa zake na rafiki zake. Anakuja Mwokozi, na kati ya mambo ya kwanza kabisa anayofundisha ni kwamba mwenye roho ya ubishi si wake. Halafu 4 Nefi inasema hakukuwa tena na Walamani, kundi moja la yale yaliyokuwa yanapigana, wala wa aina yoyote ile, walikuwa wamoja, watoto wa Kristo, wala hakukuwa na watu wenye furaha kuliko hao. Hayakuisha kwa upande mmoja kuushinda mwingine. Naomba tulisome hilo taratibu.

Sasa bibi. Bibi yangu hakuwa wa kanisa letu, alikuwa anatucheka kidogo kwamba hatunywi chai, lakini kila tukimtembelea alikuwa ametuandalia maji ya moto na limau bila kuambiwa. Kilio chake kikubwa mwaka huu haikuwa ugonjwa, ilikuwa ni kaka yangu na mjomba hawaongei. Kaka ndiye aliyenibatiza. Aliacha kuja kanisani kwa sababu siku moja kwenye darasa la kanisani mtu alisema wazi kwamba wanaounga mkono ule upande wa kaka hawawezi kuwa na Roho Mtakatifu, na hakuna aliyenyanyua mdomo, na mjomba baadaye akasema nyumbani kwamba aliyesema amesema kweli. Bibi alikuwa anawapigia simu wote wawili kila Jumapili. Siku tunamzika walisimama huyu kule na huyu kule, na jeneza katikati. Kaka, najua huwa unasoma ninachoandika hata kama hujibu. Aliyekuambia huna Roho hakuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Nakukumbuka ukiwa umesimama majini umenishika mkono nikiogopa, na ninakupenda, na nafasi yako haijachukuliwa na mtu.

Kuhusu malengo ya mwaka mpya, mimi naenda na ule mstari wa Luka 2:52, Yesu "akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu", ndiyo yale maeneo manne tunayofundishwa tangu mpango wa Watoto na Vijana uanze 2020, kiroho, kijamii, kimwili na kiakili. Nataka kumaliza kozi yangu ya uhasibu. Nataka kulala simu ikiwa chumba kingine. Kwenye Njoo, Unifuate, ratiba yetu ya kanisa ya kusoma maandiko, mwaka kesho tunarudi Agano la Kale na nataka safari hii nisikwame kwenye Mambo ya Walawi. Kubwa kuliko yote nataka kulipeleka jina la bibi hekaluni, ambako tunafanya ibada kwa niaba ya ndugu zetu waliofariki. Tarehe 18 Mei mwaka huu hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu, Kinshasa lipo tangu 2019, na sisi tunaosali kwa Kiswahili tunaelewa maana yake, watu walikuwa wanauza vitu miaka na miaka kupata nauli ya ndege kwenda kuunganishwa na familia zao. Ile furaha imetubeba katikati ya mwaka mgumu. Mdogo wangu naye ana lake, tangu itangazwe Novemba kwamba mabinti sasa wanaweza kwenda misheni wakiwa na miaka 18 kama wavulana, anahesabu siku, Bwana amfikishe.

Na kwenye siasa nina lengo pia, kwa nini nisiwe nalo. Nitasoma ilani za pande zote kabla sijafungua mdomo. Nitapiga kura yangu kwa dhamiri yangu mbele za Mungu na sitaitumia kumpima mtu. Na mtu akisema darasani kwamba upande fulani hauna Roho, nitanyanyua mkono, kwa heshima, na kusema ndugu, hapa hatusemi hivyo.

Vijana wenzangu, msikubali. Msikubali mwanasiasa ambaye hata jina lako halijui akuondolee mtu aliyekulea. Uchaguzi unapita, waliokuwa wanatukanana majukwaani utawaona wanapeana mikono na kucheka, na wewe umebaki huna kaka. Tukikosewa haki tuidai, Makala ya Imani ya 12 inatufundisha kutii sheria na kuiheshimu, haitufundishi kunyamazia dhuluma, manabii wa Agano la Kale tunaokwenda kuwasoma mwaka kesho walisimama mbele ya wafalme na kuwaambia ukweli usoni. Simameni hivyo. Lakini msimchukie mtu. Hakuna agano tulilofanya majini au hekaluni linaloruhusu chuki, hata kidogo, hata kwa aliyekosea kabisa. Aombaye msamaha asamehewe, asiyeomba aombewe. Krismasi hii kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyemtoa moyoni kwa sababu ya siasa, ampigie, asimtumie meseji, ampigie, na asianze na nani alikuwa sahihi.

Basi nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wa 2026 wenye heri na baraka tele. Waliofiwa Mungu awafute machozi, wagonjwa wapone, wanaotafuta kazi wapate, wanafunzi wafaulu, wamisionari wetu wote walioko mbali na nyumbani walindwe, na ndugu zetu wa Grand Blanc wafarijiwe kwenye sikukuu hii ya kwanza bila wapendwa wao. Ninajua Yesu Kristo yu hai na anatujua kwa majina.

Kaka, nitakupigia kesho jioni. Mjomba amesema atakuwa nyumbani. Pokea.