Kwako Desderi

Ndugu yangu Desderi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mengine yangoje, maana ujumbe wako umeninyima usingizi. Ati "waliogeuza hili watageuza na lile", kwa hiyo hukomuniki tena? Kisa saa za kufunga kabla ya Komunyo zimepunguzwa?

Bibi Agata hakukudanganya. Zamani mtu alifunga tangu usiku wa manane, hata maji hagusi. Mwaka 1953 Papa Pio XII akasema maji hayavunji mfungo, 1957 akaweka mfungo wa muda wa saa tatu, na 1964 Paulo VI akaifanya saa moja. Wazee na wagonjwa hawabanwi hata na hiyo. Lakini kati ya mapapa hao yupo aliyesema Ekaristi sasa ni mkate mtupu? Kinachopokelewa ni Mwili uleule wa Kristo. Kilichopunguzwa ni saa za njaa.

Mimi nawalaumu waliotufundisha. Kitambaa cha kichwani, nyama ya Ijumaa, Kilatini, Utatu Mtakatifu: vyote walivitia kapu moja na kuvikemea kwa sauti ileile. Sasa kitambaa kimetoka, watu wanadhani Utatu nao uko njiani! Angalia kuchoma maiti. Kulikatazwa, kukaruhusiwa 1963, mradi mtu asifanye hivyo kwa kuikana imani. Na katika Nasadiki, sala yetu ya kuungama imani, bado tunaungama ufufuko. Polikarpi ataleta hoja ya useja wa mapadre, namjua. Mwambie kuna Wakatoliki wa Mashariki, chini ya Papa huyuhuyu, ambao wenye ndoa hupewa upadre. Useja ni sheria, si fundisho la imani. Upadre wa wanawake ni jambo jingine. Hapo Yohane Paulo II alisema mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa upadre. Hapo ndipo... basi, tutabishana tukionana.

Nirudi kwenye mfungo. Bibi akitaka kufunga tangu usiku, hakuna wa kumzuia, saa moja ni kiwango cha chini tu. Na inahesabiwa mpaka Komunyo, si mpaka Misa inapoanza, kwa hiyo mahubiri marefu ya paroko yamewaokoa wengi. Wewe na pipi zako za mnanaa kwenye kwaya ukiwamo.

Sasa nijibu. Umemwona paroko, au umeishia kwa Polikarpi? Ni mfungo kweli unaokusumbua, au ule ugomvi wa kwaya? Bibi anajua kwamba hukomuniki? Na Jumapili nani ataimba besi?

Wako,
Fausti