Barua kwa mwanangu anayepanga nyimbo za filamu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, isipokuwa shangazi yako ambaye goti linamsumbua tena, naye anakusalimu.

Mdogo wako ameniambia kwamba wenye fedha za filamu yenu wanataka albamu ya nyimbo zake iwe ya Bongo Fleva tupu, kwa sababu ndiyo inayouzika, na kwamba wewe hukusema ndiyo wala hapana. Ningefurahi zaidi kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwako, lakini nakujua: likiwa zito unalibeba peke yako mpaka likuzidi. Kwa kuwa Jumapili unapanda basi kwenda Dar es Salaam, na ukishaingia studio hupokei simu ya mtu, nimeona niyaandike haya ili yawe mfukoni mwako siku ya kikao. Neno langu ni moja, mwanangu: usikubali albamu hiyo ifanywe ya muziki wa aina moja.

Sina ugomvi na Bongo Fleva, nawe unajua ni nyimbo gani zinazopigwa jikoni kwangu. Lakini kwa jinsi ulivyonisimulia, filamu yenu inamfuata msichana anayevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe, anashuka Mwanza, anahangaika sokoni, na mwishowe anajikuta kwenye harusi ambayo hakualikwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kusikia muziki wa aina moja kutwa nzima. Ndani ya kivuko kuna redio ya abiria inayopiga rumba ya Mbaraka Mwinshehe. Sokoni kijana wa bodaboda amefungulia singeli, muziki ule wa kasi. Nyuma ya nyumba aliyopanga kwaya inafanya mazoezi. Harusini ngoma za bugobogobo za Wasukuma zinatangulia kabla ya vijana wa muziki kufungua spika zao. Na kichwani mwake bado inalia enanga, ala ya nyuzi ya babu yake. Kila wimbo una mwenyewe ndani ya hadithi, na hiyo ndiyo siri ya albamu ya mchanganyiko inayopendwa. Msikilizaji hashangai rumba inapofuatwa na kwaya, kwa sababu amekwisha kumjua mtu aliyesimama kati ya sauti hizo mbili. Hata ambaye hakuiona filamu huisikiliza kama apitaye mtaani jioni, kila mlango ukiwa na redio yake. Wimbo usio na mwenyewe ndio wa kuuondoa, uwe wa msanii mkubwa kiasi gani.

Ulikulia chini ya meza ya kibanda changu cha kanda za muziki pale Makoroboi, kwa hiyo sitakusimulia habari za kibanda. Nitakueleza jambo ulilolikosa kwa kuwa ulikuwa shuleni. Kanda ya nyimbo za Pulp Fiction, filamu ya Quentin Tarantino ya mwaka 1994, ilipofika kwangu niliiweka ilie kutwa. Inaanza kwa sauti za waigizaji, kisha linapasuka gitaa la Dick Dale katika "Misirlou". Mzee mmoja mpenzi wa taarabu alisimama barabarani akauliza ni kundi gani la pwani linalopiga kwa hasira namna ile. Sikio lake halikumdanganya, maana muziki ule ulikuwa umezunguka nchi za mashariki ya Bahari ya Kati muda mrefu kabla Dick Dale, ambaye upande wa baba yake ni Walebanoni, hajaupiga kwa gitaa la umeme mwaka 1962. Dakika chache baadaye wakafuata Kool & the Gang, kisha Al Green kwa sauti yake ya kubembeleza, na yule mzee bado amesimama. Filamu ile haikutungiwa muziki wake mpya. Ilijengwa kwa rekodi zilizokuwapo tayari, za miaka na watu mbalimbali, na mchaguzi alijua kila moja anaiweka wapi. Mzee aliingia kwa ajili ya gitaa akatoka anaulizia Al Green. Hayo ndiyo ya kuwaeleza wenye fedha: albamu ya aina moja humpa mnunuzi kile alichokuja nacho kichwani, bali ya mchanganyiko humfikisha kwenye wimbo ambao asingeutafuta maisha yake yote.

Wakikuambia kwamba muziki wa ziwani haubebi filamu, wakumbushe The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwongozaji wake, Fernando Meirelles, ni Mbrazili. Mtunzi wa muziki wake, Alberto Iglesias, ni Mhispania. Lakini ndani yake umo wimbo "Kothbiro" wa Ayub Ogada, Mjaluo wa Kenya, ambao alikuwa ameutoa tangu mwaka 1993 katika albamu yake En Mana Kuoyo. Ni nyatiti ya nyuzi nane na sauti ya mtu mmoja asiye na haraka. Nyatiti hiyo hiyo inapigwa kwetu, Rorya, mwendo wa basi kutoka hapa. Tena si lazima waende mbali. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa "Salome", waliijenga juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, binti wa Kagera aliyeimba Kihaya, na nchi nzima ikacheza. Kwa nini basi waiogope enanga?

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mdogo wako anasema wa kwanza kukatwa atakuwa yule mzee wa enanga mliyemrekodi Ukerewe, kwa maelezo kwamba sauti yake ni ndogo na ina mikwaruzo. Mwanangu, udogo wa sauti ni kazi ya fundi, si kosa la mzee. Rekodi za zamani mara nyingi sauti yake huwa chini kuliko za sasa; mimi nilipounganisha Tabora Jazz na nyimbo mpya katika kanda moja, nilikaa na kidole kwenye kitufe nikitazama mshale wa sauti, nikiupandisha kwa zile za zamani na kuushusha kwa zile mpya, ili mteja asilazimike kuinuka kila wimbo unapobadilika. Wewe una kompyuta. Singeli usiibandike moja kwa moja mbele ya enanga, kwa sababu sikio lililotoka kwenye kasi ile litaiona enanga imelala. Weka katikati sauti za soko, au mazungumzo mafupi ya waigizaji, au kimya cha sekunde chache, kisha mwache mzee aanze. Kwaya iweke baada yake. Harusi iwe karibu na mwisho. Ukipanga vizuri watasahau kwamba walitaka kumkata.

Na huyo mzee alipwe. Nasema kwa ukali kwa sababu niliona wapiga ala wengi wakija kibandani kununua kanda za nyimbo zao wenyewe. Kwa kila wimbo unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na mara nyingi hao ni watu tofauti. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasimamia haki hizo chini ya sheria ya mwaka 1999. Mzee asomewe mkataba kwa Kikerewe na mtu anayemwamini, asiwekewe tu wino kwenye dole gumba. Ulivyo mwepesi wa kuahidi na mzito wa kuandika, ninaogopa ulimpa mkono tu mkaagana.

Usidhani nakulaumu. Siku uliposema unataka kusomea mambo ya sauti nilinyamaza, nawe ukakichukulia kimya kile unavyojua; lakini nawaambia wanawake wenzangu pale soko la samaki la Mwaloni kwamba mwanangu ndiye anayechagua muziki wa filamu, hata wasiouliza.

Mchwa wameingia stoo. Kanda nimezihamishia chumbani kwako, juu ya kabati, na zile za bendi ya Sikinde na za kwaya nimezitenga kwenye boksi la viatu uende nazo, maana mkanda wa redio kaseti umekatika na fundi wa hapa hana wa kufaa. Karo ya mdogo wako nimeilipa nusu; nyingine isikufanye utie saini albamu usiyoiamini. Nitauza dagaa.

Kabla ya kikao nitumie orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake, nami nitakujibu siku hiyo hiyo. Mzee wa enanga nataka nimwone humo, na ujira wake uandikwe kando ya jina lake.

Mimi mama yako.