Mwanangu uliyeko Dodoma, kula ushibe

Mwanangu,

Nimekupigia jana na leo hupokei, basi nakuandikia huku na naomba usome mpaka mwisho usiruke. Nimeambiwa ulianguka kwenye foleni. Aliyeniambia usimtafute wala usimnunie, kafanya anachofanya mtu anayekupenda, na ungeniambia mwenyewe nisingesikia kwa watu. Nimeambiwa pia siku hizi unakula mara moja tu, mchana, tena kidogo, alafu usiku unakunywa hiyo chai ya kupunguza mwili unalala. Mama, hiyo chai umeshaiacha? Nijibu hilo kabla ya yote.

Najua ni harusi ya dada yako ya Desemba. Najua sare zimeshapimwa, na yale maneno waliyosema mama zako wadogo kwenye kikao kuhusu mwili wako niliyasikia, nilikuwa nimekaa palepale. Nayajibu leo. Ukitaka kupungua sikukatazi, umeshakuwa mtu mzima, unasoma uhasibu mwaka wa pili na hamna mtoto mwingine kwenye ukoo huu aliyefika hapo, kila anayekuja kliniki namwambia binti yangu yuko Dodoma anasoma. Ila mtu mwenye akili ya kufunga mahesabu anawezaje kuamini majani ya pakiti aliyoyanunua kwa mtu wa Instagram? Hapo sikuelewi kabisa.

Ngoja nikueleze hiyo chai inafanya nini maana hawakuambii. Nyingi zina majani ya sena, yaani dawa ya kuharisha. Sena kazi yake inaifanya kwenye utumbo mpana, na chakula ulichokula kalori zake zimeshafyonzwa zamani huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo ukipanda mzani ukaona umeshuka kilo, kilichotoka ni maji na choo, mafuta yako palepale. Na pamoja na maji inatoka potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Alafu kuna nyingine zimekutwa zimechanganywa na dawa inaitwa sibutramine, ambayo Ulaya na Marekani waliitoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo na kiharusi, na kwenye pakiti huikuti imeandikwa, wameandika tu majani ya asili. Mi nakaa na wagonjwa wa presha na kisukari kila wiki, siongei ya kusikia. Tupa hiyo pakiti, usimgawie hata rafiki.

Sasa nisikilize. Tumbo halijui kalori, linajua limejaa au halijajaa. Ukuta wake una mishipa ya fahamu inayohisi linavyotanuka, ndio inapeleka taarifa kwenye ubongo kwamba inatosha. Kuna profesa mmoja huko Pennsylvania Marekani anaitwa Barbara Rolls amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na alichokiona ni kwamba watu siku hadi siku wanakula karibu ujazo uleule wa chakula, kiwe chepesi au kizito. Kwa hiyo ukibadilisha kilichomo kwenye sahani, ukaongeza chenye maji na nyuzinyuzi ukapunguza mafuta, sahani inabaki imejaa, unashiba, na kalori zimeshuka bila kulala njaa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ni 4, maji ni sifuri. We ni mhasibu, hesabu hiyo unaiweza kuliko mimi.

Angalia mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Mchicha nusu kilo nzima, mafungu ambayo ukiyapika unakula wewe na mwenzako mkabakiza, haufiki 120. Na mtu akipika mboga hapimi kwa kijiko, anainamisha dumu tu, nyumbani kwetu unapajua tunavyopika, kwa hiyo sisemi ulijifunzia wapi. Anza kupima. Kijiko cha chai kimoja kwa sufuria ya mboga kinatosha, ila usiache kabisa, maana vitamini A iliyomo kwenye mchicha na karoti haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo.

Nakuelekeza sufuria yangu ya jioni, ninayowafundisha na wale wa kliniki. Kata kitunguu kimoja, tia na hicho kijiko cha chai cha mafuta, moto mdogo, funika. Usikimbilie kuongeza mafuta ukiona kinakauka, kifuniko kitakifanya kitoe maji yake chenyewe, kikigoma nyunyizia maji ya mkononi. Kikilainika tia nyanya tatu zilizoiva na chumvi, funika tena mpaka ziwe rojo kabisa. Dagaa wakavu, wale wa kiganja kimoja, watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili mchanga utoke, watie. Kisha karoti moja na robo ya kabichi kubwa iliyokatwa nyembamba, unaona sufuria imejaa mpaka juu unadhani haitafunika, itashuka. Maji vikombe viwili, pilipili nzima ielee bila kupasuka, mwisho kamulia ndimu. Ukitaka bilinganya humo ndani usiikaange, ile inanyonya mafuta kama sponji, ichome juu ya moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi, menya, ponda, changanya. Sufuria nzima hiyo kwa hesabu yangu haifiki kalori 400, na huwezi kuimaliza peke yako. Ugali tia wa ukubwa wa ngumi yako, sio uache ugali.

Na hayo maji vikombe viwili usiyaache ukasema utakunywa glasi ya maji pembeni. Huyo profesa na wenzake walilipima hilo pia, chakula kilekile, maji yaleyale, wengine wakayanywa pembeni, wengine wakapikiwa humohumo kikawa supu, waliokula supu ndio walioshiba zaidi na baadaye wakala kidogo. Ndio maana nasema supu, rojo, mchuzi mwingi.

Alafu mwanangu umeenda kuishi kwa Wagogo na huli mlenda! Umekaa Dodoma mwaka mzima na kitu unachonipigia picha ni chipsi mayai. Nenda soko la Majengo, ulizia mlenda wa majani makavu uliosagwa, bei yake ndogo na unakaa miezi. Chemsha maji na nyanya, tia mlenda kidogokidogo huku unakoroga, karanga iliyosagwa tia kijiko kimoja tu, wenyeji wanatia zaidi lakini karanga gramu mia moja ina kalori kama 560. Ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinafanya chakula kikae tumboni muda mrefu kabla hakijashuka, ndio maana mtu anakula mlenda na ugali asubuhi anaenda kulima mpaka jua linakuchwa. Bamia nazo hivyohivyo.

Viazi usiviogope. Watu wamewatisha wasichana na viazi bure. Mwaka 1995 pale Sydney, Australia, walipima vyakula 38 kuona kipi kinashibisha kuliko vingine kwa kalori zilezile, kiazi cha kuchemsha ndio kilikuwa cha kwanza, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Gramu mia moja za kiazi cha kuchemsha ni kalori 87 hivi, kiazi hichohicho kikizamishwa kwenye mafuta kinakwenda karibu 300. Chemsha na maganda yake, kachumbari nyingi juu, yai la kuchemsha moja au mawili. Hicho ni chakula cha mchana cha mtu aliyeshiba mpaka jioni.

Ila usije ukasikia mboga ukaanza kuishi kwa matango na kabichi, hiyo itakuwa njaa ileile umeivalisha nguo nyingine. Kila sahani iwe na dagaa au yai au maharage au choroko au samaki, protini ndio inashika njaa na ndio inalinda misuli unapopungua. Na uongeze mboga taratibu, ukitoka kwenye chipsi ukarukia sufuria ya maharage na kabichi siku moja tumbo litajaa gesi hutakaa darasani. Nusu kilo kwa wiki ikipungua inatosha sana. Hedhi ikiruka niambie siku hiyohiyo, sitaki kusikia kwa mwenzako tena. Na chai umeshaitupa?

Asubuhi kunywa uji. Vijiko vinne vya unga wa ulezi vinatoa bakuli zima kwa sababu sehemu kubwa ni maji, tia maziwa kidogo, ndimu au ukwaju, usitie siagi wala karanga, sukari kijiko kimoja ukishindwa kuacha. Bibi yako amekunywa uji huo maisha yake yote.

Vitafunwa najua ndio vinakushinda, hasa ukisoma usiku. Bisi, mama. Sufuria nzito, kijiko cha chai cha mafuta, funga mfuniko, tikisa. Vikombe vitatu vya bisi zisizo na sukari havifiki kalori 150 hata ukihesabu na mafuta hayo, utatafuna mpaka umalize sura nzima ya kitabu. Karanga kiganja kimoja ni 170 na unaimaliza hujafungua daftari. Tikitimaji gramu mia moja ni 30 tu, kula nusu kilo ukitaka. Papai na ndimu. Embe bichi na chumvi na pilipili msimu ukifika. Na zabibu za huko kwenu, kula mbichi, gramu mia moja hazizidi 70, zilizokaushwa ni karibu 300 kwa uzito huohuo maana maji yametoka imebaki sukari. Ukitaka kitu baridi na kitamu chukua mtindi usio na sukari, ponda ndizi mbivu ile yenye madoadoa, koroga, kama mwenye nyumba ana friji mwombe akuwekee. Soda acha, chupa ya mililita 300 ni kalori 130 hivi na haijazi tumbo hata kidogo. Juisi ya duka hali kadhalika.

Hela usiseme huna. Hela ya chipsi mayai ya siku mbili inakutoshea dagaa na mboga za wiki. Gesi ikiisha niambie, nitatuma, usinunue mkaa ukapikia ndani ya chumba umefunga madirisha, hilo nalo linaua watu. Baba yako hajui ulianguka. Nimemwambia una mafua.

Huku tupo. Bibi yako goti linamsumbua, hataki kwenda hospitali anasema atajipaka mafuta tu. Mdogo wako yupo kwenye mitihani ya moko, Hesabu anasema ilikuwa ngumu, ukipata nafasi mpigie umtie moyo maana wewe anakusikiliza kuliko mimi. Kicheche karudi, kaingia bandani kabeba jogoo yule mwekundu na matetea wawili, baba yako kasema atajenga banda jipya la tofali, anasema hivyo tangu Pasaka. Bati la jikoni upande wa tanki bado linavuja, fundi kachukua hela ya msumari na simu yake haipatikani. Mboga za Lushoto zinashuka nyingi sana wiki hizi, kabichi pale Mombo wanazipanga barabarani mpaka unazionea huruma, karoti ndio usiseme.

Kwa hiyo nimekufungia ndoo. Kuna karoti, kabichi mbili ndogo ngumu zinazokaa, bilinganya, unga wa ulezi niliosagisha mwenyewe, dagaa wa Mwanza nimeshawatoa vichwa, na vijiko vya kupimia nilivyopewa kwenye semina, tumia hivyo kwa mafuta. Mtungi wa asali ni wa mwenzako aliyenipigia, mpe, na umwambie asante kwa mdomo wako. Basi linaondoka Korogwe kesho asubuhi, namba ya kondakta nakutumia likishatoka, kapokee mwenyewe stendi usimtume mtu maana ukichelewa wanashusha tu. Ndoo ni ya mama mkubwa, ile yenye mfuniko wa bluu, ishaanza kuulizwa kabla haijaondoka, irudishe na basi hilohilo.

Mama yako