Magauni sita sinunui

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Guangzhou, China. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Viatu vyako nimeshanunua. Magauni sita uliyoniomba sinunui, na usinune kabla hujamaliza kusoma.

Yale magauni unayoagiza Shein, lile duka la nguo la mtandaoni, kupitia yule dada wa Sinza, mengi hushonwa hapa hapa, wilaya ya Panyu. Nilipita huko na wakala wangu wa mizigo. Nilitegemea kuona kiwanda, nikakuta vichochoro: vyumba vya chini vya nyumba za kawaida, cherehani kwa safu, vitambaa vimelundikwa hadi mlangoni. Mafundi hulipwa kwa kipande, kwa hiyo hakuna anayeinua kichwa kumtazama mgeni. Mtindo mpya huanza na pisi 100 au 200 tu. Mkiupenda huko kwenye simu zenu, zinashonwa nyingine. Mkiupita, mtindo umekufa na mwingine upo mezani. Basi ukiwa umelala kitandani Dodoma unapekua picha, kuna mtu huku anakungojea kidole chako.

Wenyeji nao hawajapona. Nimefika wakati wa punguzo la tarehe 11 Novemba, ambayo ilikuwa siku ya utani ya vijana wasio na wenza, mpaka wauzaji wa mtandaoni Alibaba walipoigeuza siku ya manunuzi mwaka 2009. Sasa hata siku si siku tena, wanaanza kuuza tangu Oktoba. Kwenye soko la nguo binti anasimama mbele ya simu na taa, anavaa koti, anageuka, analivua, anavaa jingine, anaongea bila kumeza mate. Nje pikipiki za umeme zinapita na vifurushi vimefungwa juu kumshinda dereva.

Kulipa ndiko kulikonishangaza. Muuza mchicha wa kando ya barabara ana karatasi yenye alama ya kuskani. Unaelekeza simu, inalia, umemaliza. Utasema hata sisi tuna M-Pesa. Lakini sisi tunaandika namba, tunaandika kiasi, tunaweka namba ya siri, na hapo katikati mtu hujiuliza, "Hivi kweli nakihitaji?" Mimi niliyeuza Kariakoo miaka yote hii najua wateja wangapi wameniponyoka kwenye hiyo namba ya siri. Huku hawaponyoki. Hata mimi nilijikuta nimenunua chai ya maziwa yenye punje za muhogo, muhogo uleule wa bibi yako, kwa bei ambayo siiandiki hapa.

Usidhani nawacheka. Nchi hii iligawa vitambaa kwa kuponi tangu 1954 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa na pesa, huna kuponi, hupati nguo. Sisi miaka hiyohiyo tulikuwa kwenye foleni za sabuni na sukari. Muulize bibi yako alivyoipata khanga ya arusi ya mama mkubwa. Kwa hiyo nikimwona mzee wa Kichina amekaa kwenye benchi Tianhe, katikati ya majengo ya vioo, analinda mifuko sita ya mjukuu wake na anatabasamu, namwelewa vizuri sana. Aliyewahi kunyimwa hawezi kumwambia mtoto, "Inatosha." Mimi mwenyewe nimeshindwa kukuambia mara nyingi. Leo nakuambia kwa sababu nimeona nguo zinakoishia.

Wachina wengi hawapendi kuvaa nguo iliyovaliwa na mtu mwingine. Zikiwachosha, zinakusanywa, zinachambuliwa, zinabanwa kwa mashine kuwa marobota, na mengi yanapanda meli kuja kwetu Afrika. Nilisimama kwenye ghala moja la kuchambulia. Mama mmoja alikuwa akirusha nguo kushoto na kulia bila kuzitazama usoni, na nyingine bado zilikuwa na lebo ya bei. Hazikuvaliwa hata mara moja. Huenda baadhi zikafunguliwa soko la mitumba la Karume, pale unaposema huwezi kukanyaga kwa sababu ni nguo za zamani.

Nafunga mzigo Ijumaa. Chagua gauni moja, nitumie picha kabla ya Alhamisi jioni, na uandike kipimo chako cha kweli. Likizo njoo dukani, kontena likifika nahitaji mtu wa kuhesabu.

Wasalaam,
Mama yako