Mwambie Dada Zuhura anipe lile boksi

Kikwajuni, Unguja
Jumanne usiku

Assalaam alaykum ndugu yangu Sele,

Natumai nyote hapo Maskati hamjambo, wewe, mama watoto na wale wajukuu ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mvua za masika zimechelewa, bei ya changu hapo Darajani haishikiki, na Mbarouk kafanyiwa operesheni ya jicho, sasa anaona vizuri kuliko mimi. Najua sijakuandikia tangu msiba wa mama yako, Mungu amrehemu. Tunapigiana simu, lakini simu zetu zinaishia kwenye salamu, mtandao unakatika mtu hajafika kwenye jambo. Hili la leo ni refu, ndiyo maana nimekaa kitako nikaandika.

Nataka kanda zetu. Zile za mazoezi ya bendi yetu, ulizozitia kwenye boksi la maziwa ya unga ulipoondoka mwaka 1991. Nimeshakwenda kwa Dada Zuhura mara mbili. Boksi analo, nimeliona kwa macho yangu juu ya kabati, limefungwa kamba ile ile uliyolifungia wewe. Hatoi. "Mwenyewe hajanambia," ndiyo kauli yake, na huku chai kanipa na vitumbua kanipa. Simlaumu, kakabidhiwa amana. Lakini neno lako moja tu linatosha, Sele.

Ngoja nikueleze lilivyonijia, maana utauliza kimempata nini huyu baada ya miaka yote hii.

Mtoto wa dada yangu alikuja Idi kutoka London, akaniletea boksi la Queen, ile bendi ya Uingereza. Ni ile albamu yao ya kwanza, ya 1973, waliyoitoa upya Oktoba 2024. CD sita na santuri moja, nyimbo 63, na kitabu cha picha. Ile albamu tuliyokuwa tukiisikia kwa marehemu Mzee Kombo, ya kuazima, unakumbuka? Kumbe walirekodi Trident, studio ya Soho, saa za usiku wateja wenye pesa zao wakishaondoka. Wao walipewa zile saa tupu. Na Roger Taylor, mpiga ngoma wao, hakupiga ngoma zake, alipiga zilizokuwa zimeshafungwa mle studio, sauti ikatoka imekufa kama mtu anapiga mto wa kulalia. Miaka hamsini wamekaa na kinyongo hicho. Sasa mafundi wamerudi kwenye kanda mama, zile za awali za studio, wakachanganya sauti upya, wimbo kwa wimbo. Na kuna wimbo, "Mad the Swine", uliondolewa kwenye albamu kwa ugomvi wa hizo hizo ngoma, ukaja kusikika 1991 tu, nyuma ya singo. Wameurudisha mahali pake, wa nne.

Nilimwita Mbarouk tukasikiliza pamoja. Zilipoingia ngoma alikitikisa kichwa vile vile alivyokuwa akikitikisa ukumbini. Kweli zimefufuka. Lakini nitakwambia yaliyo moyoni, ile sauti mpya nimeisikiliza mara mbili nikaiweka. Ni nzuri, na bado ile ya zamani iliyobanwa ndiyo inayonionyesha vijana wanne wenye njaa wanaogombania saa nane ya usiku. Kilichonishika ni CD ya tatu, ya majaribio. Humo wanaanza, wanakosea, wanasimama, wanaongea, wanaanza tena. Hakuna aliyejua kuwa iko siku dunia itasikiliza. Hapo ndipo nilipomsikia Freddie Mercury, mwimbaji wao, kama mtu wa mtaani kwetu, mtu aliyezaliwa hapa hapa Mjini Septemba 1946, si yule wa kwenye mabango. Siku hizi wamemfungulia nyumba ya makumbusho Shangani, tangu 2019, watalii hawaishi pale mlangoni. Na sisi tulipiga nyimbo zake miaka miwili mizima kabla hatujaambiwa kuwa ni mzaliwa wa hapa!

Kisha yule kijana akanionyesha kwenye simu boksi jingine, la "The Miracle", lililotoka 2022. Lile ndilo lililoniamsha. Walikuwa wakirekodi 1988 na 1989, London na Montreux, na Freddie keshajua ana maradhi gani. Wameacha maongezi baina ya wimbo na wimbo. Unamsikia anavyowahimiza wenziwe, anavyotania. Mle ndimo ulimotoka "Face It Alone", ambao Roger alisema walikuwa wameshausahau. Umekaa kwenye rafu zaidi ya miaka thelathini, vipande vipande, mafundi wakavishona. Wimbo wenyewe ni mzuri, hauna haraka, una huzuni. Lakini mimi nasikiliza zaidi zile pumzi na yale maneno.

Usiku ule sikulala. Ilikuwa saa saba, umeme umekatika tangu magharibi, ukarudi ghafla feni likaanza kulia, na lile feni ndilo lililonikumbusha ukumbi. Nikainuka nikapekua saraka ya chini. Sele, nimeipata kanda moja. TDK ya dakika 60, karatasi yake kaandika marehemu Hafidh, mwimbaji wetu, kwa wino wa kijani: "Mazoezi. Usiguse." Ule mwandiko wake wa kulala kushoto. Utepe ulikuwa umelegea, nikauviringisha kwa penseli taratibu, jino kwa jino, kisha nikaitia kwenye redio ya mke wangu.

Kwanza unasikia feni. Kisha kiti kinaburuzwa. Mbarouk anagonga vijiti, moja, mbili, na Hafidh anasema: "Ngoja, ngoja. Nani kala machungwa humu? Maiki yote inanuka chungwa." Kuna mtu anacheka, nadhani ni wewe. Vijiti tena. Gita langu linaingia, besi lako linachelewa kidogo kama kawaida yako, na Hafidh anaimba nusu ubeti wa ule wimbo wake wa jahazi. Anakohoa. Anasema, "Tena." Basi. Baada ya hapo ni mtangazaji wa mpira, dakika hamsini na sita za mpira.

Ni mimi niliyerekodi mpira juu yake. Sina wa kumsingizia. Kanda zilikuwa adimu, ulikuwa ukipata moja unaitumia mpaka ichakae, na Hafidh alikuwa hai, anapita hapa kila siku, nani angefikiri. Nimekaa na jambo hili wiki tatu na bado linanichoma.

Kwa hivyo zilizobaki ni zako. Kwa hesabu yangu mle ndani kuna kanda saba au nane. Na hofu yangu ni joto. Lile kabati liko chini ya bati, mchana hapo mtu hawezi kukaa. Nimekuwa nikisoma habari za kanda mama za wenzetu, na mwisho nikaacha maana nilizidi kuingiwa na wasiwasi. Zile kanda kubwa za miaka ya sabini nyingi zimekuwa zikinata. Gundi inayoshika ule unga wa sumaku inanyonya unyevu, ukiizungusha kanda inabanduka. Wenyewe wanazitia kwenye joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa nyingi, zikauke, ndipo wapate nafasi ya kuzinakili. Na moto nao, kule Hollywood Juni 2008 uliteketeza stoo ya kampuni ya Universal pamoja na kanda mama zilizokuwamo. Wale wana mafundi, wana bima, na bado vinapotea. Sisi tuna kamba na kabati la Dada Zuhura.

Tafadhali mwambie pia wasijaribu kuzipiga. Wale vijana wake wana redio moja ya zamani inayokula kanda, nimeiona. Hata kuzianika juani asizianike, hiyo habari ya joto ni ya kanda kubwa na ni kazi ya mafundi. Yuko kijana hapa mwenye studio, ana deki nzuri, anasafisha vichwa vyake kwa spiriti mbele ya macho yako. Kanambia kanda ikiwa imeharibika ganda, atalifungua na kuhamishia utepe kwenye ganda jipya, kisha ataipiga mara moja tu huku inaingia kwenye kompyuta. Gharama nimeshazungumza naye, hilo lisikusumbue.

Nimebishana na Mbarouk juu ya jambo hili mpaka tumechelewa sala ya isha. Yeye anasema mtu akiacha kitu chini, kakiacha kwa sababu, wewe wa kuokota ni nani? Anasema hayo ni makapi, na mwenye mpunga keshapeta. Ana haki kiasi. Hata mimi sipendi wanavyotuuzia wimbo mmoja mara tano, huu una sauti, huu hauna, huu wa santuri, na kile kipande kimoja unachokitaka hukipati mpaka ununue boksi zima. Hapo tunakamuliwa tu.

Lakini nikamsikilizisha lile boksi la Beatles la 2017, la "Sgt. Pepper". Unakumbuka "A Day in the Life" inavyokwisha, ule mpigo wa piano unaokaa hewani mpaka unadhani hautakwisha? Kabla ya kuipata ile piano walijaribu kumalizia kwa kuvuma kwa midomo. Watu wamesimama wanavuma, mmm, vicheko vinawaponyoka, wanarudia. Mbarouk akanyamaza. Nikamwekea na lile la "Revolver", la 2022. Ule wimbo wa watoto wa nyambizi ya manjano, humo yumo John Lennon peke yake na gita, anauimba kwa huzuni, hata haujawa wa watoto. Mjukuu wangu alikuwa anachora chini, akainua kichwa: "Babu, huyu kafiwa?" Wimbo ule ule, Sele! Ungejuaje ulikotoka kama wangekuwa wamezitupa?

Hata hivyo hoja yangu kwa Mbarouk si hiyo. Freddie ana albamu. Wakimtolea mabaki au wakimfichia, albamu ziko, sauti yake iko kila duka na kila teksi. Hafidh ana nini? Hatukuingia studio hata siku moja. Tuliahidiwa redioni, tukaenda na vyombo vyetu, tukarudi navyo. Hotelini hakuna aliyeturekodi. Yale anayoyaita Mbarouk makapi, kwetu ndiyo mpunga wote. Hafidh hakuacha kitu chini, maana hakuwahi kupata mahali pa juu pa kukiweka.

Na Ruki, binti wa Hafidh. Nilikuwa sitaki kulitia hili kwenye barua, lakini wacha nilitie. Alikuja hapa siku ya pili ya Idi na mwanawe mchanga, kamwita Hafidh. Tumekaa barazani, mtoto analia, mimi nikasema kwa kutania, sauti hii ya babu yake. Akanitazama. Akaniuliza, "Kwani sauti ya baba ilikuwaje? Nzito au nyembamba?" Alikuwa wa miezi minane, Sele. Miaka thelathini na tano, na hajui. Nikafungua mdomo nimwambie, nikakosa la kusema. Nilikuwa nikiikumbuka ikiimba tu, na hata huko nilikuwa naikumbuka kama jambo nililohadithiwa. Nzito au nyembamba? Wewe unaikumbuka?

Sasa nina dakika nne. Bado sijampa. Nusu ubeti na kikohozi, nikimpa hizo kwanza ndizo zitakazokuwa baba yake. Nataka apate wimbo mzima. Halafu nasema, na je kama kwenye boksi hakuna, au zimeharibika zote, nitakuwa nimemnyima bure. Jana nilitoka na kanda mfukoni mpaka mlangoni kwake nikarudi.

Kwa hiyo nijibu haraka. Utampigia Dada Zuhura lini? Anashika simu baada ya alasiri, asubuhi yuko chuoni na watoto. Unakumbuka kuna kanda ngapi mle, na kama uliziandika? Ule wimbo wa jahazi tuliurekodi wote, au ni ndoto zangu? Nadhani tuliurekodi ile siku mvua ilipotufungia ukumbini na wewe ukapika ule uji. Maneno ya ubeti wa tatu unayo? Mbarouk ana yake, mimi nina yangu, hayafanani. Na wewe mwenyewe, hukuondoka na kanda hata moja? Tazama kwenye masanduku yako, usiseme hapana kabla hujatazama. Na Ruki nimpe hizi dakika nne sasa, au nisubiri?

Kijana wa studio kaniwekea Jumamosi. Kama Dada Zuhura atakuwa ameshapata neno lako kufikia Ijumaa, nitapita baada ya sala na kikapu.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Khamis

Nimesahau: Mbarouk anasema ni yeye aliyekula machungwa. Kakumbuka alipoisikia.