Ugonjwa wa watoto kwa mtu wa miaka 29

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka 16 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu uvimbe wa Wilms imenitoa kimya. Mwandishi wenu alisema kwamba saratani hii ya figo ni ya watoto walio chini ya miaka 5, akaweka nukta. Kwamba wagonjwa wengi ni wa umri huo, sibishi. Ninagombana na hiyo nukta.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 29, baba wa watoto wawili, alipoanza kukojoa damu na kuumwa ubavu. Aliondolewa figo kwa kudhaniwa kwamba ana saratani ya kawaida ya watu wazima, na majibu ya maabara yaliporudi yakitaja nefroblastoma, jina jingine la uvimbe huo wa Wilms, daktari alitazama tarehe ya kuzaliwa kwenye faili, akatuambia kwamba sampuli imechanganywa na ya mtoto. Tukaanza upya, ilhali baada ya upasuaji dawa za ugonjwa huu hazitakiwi kuchelewa, na dawa zenyewe, vinkristini na aktinomisini, zilikuwa zikitolewa wodi ya watoto, hatua 40 kutoka kwenye benchi letu, nami nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Wodi ya watoto walisema amepita umri. Ya watu wazima walisema hawajawahi kutibu kitu hicho. Na mtu wa bima, Mungu amsamehe, aliniuliza iwapo fomu ilikuwa ya mtoto wa mdogo wangu.

Majibu hayo ya maabara, mhariri, yalichukua wiki saba. Hata posa hujibiwa mapema zaidi. Kichupa chenye kipande cha uvimbe nilikipeleka maabara mwenyewe, nimekipakata ndani ya daladala.

Ni kweli kwamba uvimbe huu haufiki asilimia 1 ya saratani za figo za watu wazima. Lakini mtu mzima akitibiwa kwa utaratibu wa watoto mapema, ana matumaini makubwa kuliko akitibiwa kama wazee wenye saratani ile nyingine. Mdogo wangu sasa yuko kwenye vinkristini, vidole vimekufa ganzi, na hatujui zile wiki zilizopotea zitamgharimu nini.

Napendekeza madaktari wa wodi hizo mbili wanywe chai pamoja kila Alhamisi, saa kumi alasiri, kila mmoja akiwa na faili moja lililomshinda. Birika nitanunua mimi.

Kaka wa mgonjwa,
Morogoro