Gongo kubwa la kipa lisitupwe, lichongwe

Mhariri,

Namjibu msomaji mwenzangu wa Nairobi aliyeandika katika ukurasa huu kwamba hoki ya barafuni ni mchezo wa matajiri, na kwamba vijana wetu wanaochezea pale Panari Hotel, Mombasa Road, wataendelea kunyoosha mkono Kanada wapewe vifaa mpaka wachoke. Kuhusu gharama sina ubishi naye, mfuko wangu ni shahidi. Lakini alipofika kwenye magongo ya msaada akasema yale ya makipa ni makubwa mno kwa vijana, afadhali yatupwe yatafutwe mengine, nikaona sina budi kushika kalamu. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Matondoni kisiwani Lamu. Naishi Dartmouth, katika jimbo la Nova Scotia, na binti yangu ni kipa. Gongo likiwa kubwa huchongwa, na zana za kazi hiyo anazo seremala yeyote wa kando ya barabara.

Kwa asiyelijua, gongo la kipa si sawa na la wachezaji wengine. Chini lina bapa linalolala juu ya barafu. Kutoka hapo linapanda likiwa pana, karibu upana wa kiganja, mpaka kwenye bega. Juu ya bega ndipo linapokonda likawa mpini. Ile sehemu pana ni kafi. Kipa hushika pale begani, kidole cha shahada kikiwa kimelala juu ya kafi. Kwa hiyo urefu wa kafi, kutoka kisigino cha bapa, pale linapoungana na kafi, hadi begani, ndio unaoamua kama gongo linamkaa mtu au halimkai. Urefu wa gongo zima, ambao watu wengi huupima dukani kwa kulisimamisha kando ya mtoto, ni jambo la baadaye kabisa.

Dukani tulikonunua gongo la kwanza la binti yangu, muuzaji alimtazama mtoto, akachukua la saizi ya juu yake, akasema atakua nalo. Mama yake alikwishalipa kabla sijafungua mdomo. Lugha hiyo tunaijua sote, ndiyo ya sare ya shule inayonunuliwa mikono imefunika vidole ili isukume mpaka darasa la nne. Tofauti ni kwamba mwenye sare kubwa atachekwa tu, na mwenye gongo kubwa atafungwa mabao. Kafi likiwa refu kuliko mkono wake, mtoto hufanya moja kati ya mawili: ama huinua kiwiko, akaacha tundu chini ya kwapa, ama huliacha gongo lilale kuelekea nje, na hapo ncha ya bapa inainuka. Kile kisahani cheusi wanachochezea unene wake ni sentimita 2.5. Ncha ikinyanyuka vidole viwili, njia imefunguka.

Kipimo ninachokiamini nakifanya jikoni. Mtoto avae viatu vya barafuni pamoja na vifuniko vyake vya plastiki, afunge pedi, avae glavu, apinde magoti kama anavyosimama langoni. Bila viatu kipimo ni uongo, maana vinampandisha juu. Ashike gongo begani, aweke bapa sakafuni bila kujilazimisha. Mimi napiga magoti na karatasi, naipitisha chini ya bapa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ikipita chini ya ncha, kafi ni refu. Ikipita chini ya kisigino, kafi ni fupi, au mtoto anajikaza kusimama wima kwa kuwa baba yake anamtazama. Mwache apumue kisha upime tena. Pembe kati ya mpini na bapa nayo ina neno lake. Hupewa namba, magongo mengi ya makipa ni 13, 14 au 15, na hiyo huwezi kuibadilisha kwa msumeno. Unachoweza ni kulishusha bega.

Sasa kazi yenyewe. Nianze na gongo la mbao, kwa sababu ndilo linalosamehe. Katika magongo ya mbao ya mtindo wa zamani, mpini unashuka ndani ya kafi hadi chini, na kafi limepatikana kwa kugundisha vipande vya mbao ubavuni mwake. Ukishusha bega hukati uti wa gongo, unaondoa nyama ya pembeni. Napima kutoka kisigino, napiga mstari wa penseli kuzunguka pande zote nne. Naanza na sentimita mbili na nusu tu hata kama karatasi imeniambia zaidi, kwa sababu kilichokatwa hakirudi, na mtoto naye hasubiri, anarefuka. Nalibana gongo kwenye jiliwa nikiwa nimelizungushia kitambaa lisichubuke. Nakata kwa msumeno wa meno madogo kutoka ukingoni hadi usawa wa mpini, hapo nasimama. Ukiingia ndani ya mpini hata milimita mbili umeutengenezea mahali pa kuvunjikia, tena pale pale mkono ulipo. Kipande cha juu nakitoa kwa patasi, kidogo kidogo, nikifuata nyuzi za mbao.

Bega likiachwa na kona kali litamla mtoto kidole. Nalilaza kwa tupa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini. Upande wa mbele, pale kidole cha shahada kinapokaa, nachimba kibonde chembamba kwa tupa ya mviringo, kina chake hakifiki nusu ya ukucha. Hiki kibonde hakiuzwi dukani, kwa sababu vidole vya watu havifanani. Binti yangu analiokota gongo lake bila kulitazama, macho yakiwa kwa mshambuliaji, na kidole kinajua kwake.

Mbao iliyobaki uchi inakunywa maji. Barafu ikiyeyuka ndani ya begi, mbao inafura, gundi inaachia. Paka vanishi, acha ikauke, paka tena, ndipo ufunge tepu kesho yake. Nimeona mafundi wazuri wakiharibu kazi hapo mwishoni kwa sababu mechi ni jioni.

Magongo mengi ya siku hizi si mbao tupu. Ndani ya kafi kuna povu gumu lililofunikwa kwa faiba. Nalo hukatika, ila povu likishaonekana lizibe lisiingie maji siku hiyo hiyo kwa gundi ya epoksi, usiseme kesho. Gongo la kaboni tupu ndilo nisilolipelekea msumeno kwenye kafi hata nikiombwa, kwa kuwa nguvu yake yote iko kwenye ganda, na ganda likishafunguliwa halina ushirika tena. Kwa gongo la namna hiyo nafanya kazi juu tu: napunguza mpini kidogo, na chini ya bega najenga bega jingine kwa kuzungusha tepu ya kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka mkono upate pa kutulia. Vumbi la kaboni na faiba si la kupuuza. Vaa barakoa na miwani, fanyia kazi nje, loweka mahali unapokata. Jikoni ni pa kupimia. Kukata ni uani. Na ujue kwamba ukishatia msumeno, dhamana ya duka imekwisha.

Kuhusu mpini, watu hupenda kuukata sana kwa kuwa ni rahisi. Uache. Ukipungua mno, bapa linaonekana zito mkononi, na kipa anakosa urefu wa kulisukuma gongo mbele kumpokonya mshambuliaji kisahani. Juu kabisa pawe na kifundo cha tepu ili mkono usichomoke. Katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, kifundo hicho ni sharti, kiwe cheupe, unene usipungue nusu inchi. Mtoto wa Nairobi hachezi NHL, lakini kifundo kinamfaa vile vile. Kanuni nyingine zinazohusu ukubwa ni za ukomo wa juu: kafi lisizidi upana wa sentimita 9 hivi, bapa lisizidi urefu wa sentimita 39 hivi. Kupunguza hakuna anayekushika mkono.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema haya ni mambo ya kubabaisha, kwamba kifaa cha mchezo ni cha kiwandani na kiwanda kinajua zaidi. Hapo naomba anisikilize kidogo. Huku Nova Scotia, katika karne ya 19, waliosifika kwa kutengeneza magongo walikuwa Wami'kmaq, wenyeji wa ardhi hii kabla Wazungu hawajafika. Walichimba mti mgumu pamoja na mzizi wake, wakachonga gongo zima la kipande kimoja pale shina linapogeuka kuwa mzizi: shina likawa mpini, mzizi ukawa bapa. Nyuzi za mbao zinapinda pamoja na gongo, kwa hiyo halipasuki kwenye kona. Hapa hapa Dartmouth kulikuwa na kampuni ya Starr, iliyotengeneza viatu vya barafuni tangu miaka ya 1860, ikauza pia magongo kwa jina la Mic-Mac.

Nilipoelezwa hayo nilicheka peke yangu. Wazee wetu Matondoni hawakuyapinda mataruma, yaani mbavu za jahazi, kwa moto wala kwa mvuke. Walikwenda kutafuta tawi ambalo Mungu amekwisha kulipinda kwa kadiri ya ubavu wa chombo, wakalichonga kwa tezo kufuata kombo lake mwenyewe. Bahari mbili mbalimbali, watu wasiojuana, akili ile ile. Mtu aliyelelewa na kazi hiyo hawezi kuambiwa kwamba kupunguza kafi sentimita mbili ni uhalifu.

Tena vifaa vya makipa hasa havikuzaliwa kiwandani. Pedi pana za miguu zilienea kutokana na kazi ya Emil Kenesky wa Hamilton, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa hatamu za farasi. Glavu ya kudakia ilitokana na kipa Emile Francis kuchukua glavu ya besiboli katika miaka ya 1940 na kuiongezea kinga ya kifundo cha mkono. Jacques Plante, kipa aliyeshikilia kuvaa kinyago uwanjani kuanzia Novemba 1959 baada ya kupasuliwa uso na kisahani, alikuwa akijifumia kofia zake mwenyewe tangu utotoni. Kipa asiyechezea vifaa vyake kwa sindano au kwa tupa bado sijamwona.

Nirudi Nairobi. Uwanja wa barafu wa Panari ulifunguliwa mwaka 2005 na ni mdogo kuliko wa kimataifa, lakini umeizaa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao waliletwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao wote wawili wamekulia Cole Harbour, jirani kabisa na hapa ninapoandikia. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Nimeyataja haya kwa sababu watu wa huku wanayajua, na wako tayari kutoa. Msimu ukiisha, gereji zinajaa magongo. Taabu ni kwamba anayefungasha hajui anayepokea ana kimo gani, basi anafungasha la mumewe, au la kijana wake aliyeshatimia ukubwa, anafunga boksi na dhamiri imetulia. Linafika Nairobi, kijana wa miaka kumi na mbili analiegemea kama mkongojo. Hapo msomaji mwenzangu ana haki ya kuchukizwa. Sina ugomvi na hasira yake, nina ugomvi na dawa aliyoitoa.

Kwa wanaotuma: tumeni ya mbao kwanza, au yenye povu. Haya yanafanyiwa kazi popote penye msumeno. Ya kaboni yaliyokwisha kupigwa misimu miwili bakini nayo, mara nyingi yana ufa usioonekana, na sokoni Gikomba hakuna wa kuuziba. Tieni na tepu ya kitambaa ndani ya boksi, maana ndiyo inayokwisha mapema kuliko vyote na haipatikani kila duka.

Kwa wanaopokea: ninayo magongo ya mbao niliyokwisha kuyakusanya kwa majirani na nataka kuyachonga kabla hayajapanda ndege. Ninachohitaji ni vipimo. Kila kipa avae viatu vya barafuni na pedi, asimame kama langoni, mwenzake apime kwa futi ya fundi kutoka sakafuni hadi kwenye ngumi ya mkono wake wa gongo, na aandike ni mkono gani, wa kulia au wa kushoto. Wako makipa wachache wa kushoto na magongo yao bapa linapinda upande mwingine. Mhariri akiniruhusu, wavilete vipimo hivyo kupitia ofisi yako. Gongo lisilo na kipimo cha mtu nitaliacha ukutani.

Fundi seremala wa Matondoni,
Dartmouth, Nova Scotia, Kanada